Kuosha na Kukausha Filamu ya Eksirei Penye Mvua Nyingi

Mkazi wa Kawetele hahitaji kuelezwa unyevu ni nini. Nguo iliyofuliwa Jumatatu wakati wa masika huweza kuwa bado mbichi siku ya Alhamisi, ingawa imetundikwa barazani ambako mvua haifiki. Mji wa Tukuyu, ambao Kawetele ni mojawapo ya kata zake, umo miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini Tanzania: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Novemba na Mei. Mvua hiyo hustawisha migomba, chai na viazi. Kwa filamu ya eksirei inayosafishwa kwa mkono ina faida na hasara: maji ya kuioshea hayakosekani, ila hewa ya kuikaushia ni haba. Makala haya yanahusu hatua hizo mbili za mwisho, kuosha na kukausha, ambazo katika chumba cha giza hufanywa kwa haraka kuliko nyingine zote, ilhali ndizo zinazoamua kama picha itafaa mwakani.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Mitaani husemwa kwamba picha "imesafishwa" mara tu sura inapoonekana kwenye filamu. Kumbe wakati huo filamu imejaa uchafu kuliko itakavyokuwa wakati wowote mwingine. Filamu ni karatasi ya plastiki iliyopakwa jelatini, yaani protini itokanayo na mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya jelatini hiyo zimetawanywa chembe za bromaidi ya fedha (fedha hapa ni madini, si sarafu). Dawa ya kuibua, ambayo mafundi huiita divelopa, hugeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi, nayo huonekana nyeusi. Dawa ya kukazia, yaani fiksa, huyeyusha chembe zilizobaki ili filamu isiendelee kuwa nyeusi itakapotolewa nje. Jelatini hunyonya dawa hizo kama sifongo. Mtu akiitazama filamu wakati huo ataona mbavu, moyo na mapafu barabara, na kwa macho hataona lolote linalomwonya kuwa ndani ya utando ule mna dawa tele.

Kiini cha fiksa ni kemikali iitwayo thaiosalfeti, yenye salfa ndani yake. Isipotolewa yote, polepole huoza na kuishambulia fedha ileile iliyochora picha, ikaigeuza kuwa salfaidi ya fedha. Ndiyo sababu ya ile rangi ya manjano, kisha ya kahawia, inayoonekana kwenye filamu zilizokaa miaka michache sandukuni. Joto na unyevu huharakisha jambo hilo. Doa la namna hiyo halifuliki tena.

Kwa nini tulishughulikie? Tuchukue mfano wa mama wa Kawetele aliyemaliza matibabu ya kifua kikuu miaka minne iliyopita, ambaye sasa amerudi na kikohozi cha wiki tatu. Picha ya leo inaonesha kivuli juu ya pafu la kulia. Je, ni kovu la ugonjwa uliokwisha, au ugonjwa umerudi? Makohozi yatapimwa, hilo halina mjadala. Lakini hakuna kitu kitakachomsaidia daktari kuusoma ule mfano wa kivuli kuliko picha ya zamani iliyowekwa kando ya mpya. Kivuli kisichobadilika kwa miaka minne husema jambo moja, na kivuli kilichokua husema jingine. Mama huyo akiifungua bahasha yake ya kaki na kutoa filamu iliyogeuka kahawia, yenye maduara ya matone kama majani ya mgomba yaliyonyeshewa, ulinganisho umekufa. Atapigwa picha za ziada, atapokea mionzi ya ziada, na huenda akaelekezwa Mbeya, kilomita zipatazo 70, kwa nauli ambayo hakuipanga. Yote hayo kwa sababu ya dakika kumi zilizopunguzwa kwenye maji miaka minne nyuma.

Kuosha huanzia kwenye fiksa. Kanuni ya zamani yasema filamu ikae ndani ya fiksa mara mbili ya muda unaotumika kuondoa ule ukungu wa maziwa juu yake. Ikiwa fiksa mpya huuondoa kwa dakika mbili, basi filamu ikae angalau nne; kwa kawaida vyumba vya giza huacha dakika kumi ili kuwa na hakika. Ukungu huo ukianza kuchukua muda mara mbili ya ule wa fiksa mpya, dawa imechoka na haina budi kubadilishwa. Nalisisitiza hili kwa sababu fiksa iliyochoka huacha ndani ya jelatini michanganyiko ya fedha isiyoyeyuka majini. Hapo hata filamu ikioshwa usiku kucha chini ya bomba, uchafu haitautoa.

Baada ya fiksa ni maji yanayopita, dakika 20 hadi 30. Wengi hudhani kwamba nguvu ya maji ndiyo inayoosha, kama mtu anayesugua sufuria. Sivyo. Thaiosalfeti hutoka ndani ya jelatini kwa kujipenyeza yenyewe, ikikimbilia mahali ambapo haipo. Kinachotakiwa ni kwamba maji yanayoigusa filamu yawe mapya kila mara, hata kama yanatiririka taratibu. Maji yakiacha kubadilika, dawa iliyotoka hulingana na iliyobaki ndani, na kuosha kunasimama ingawa filamu imo majini. Kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote katika tangi la kuoshea ni kuchomeka filamu mpya, inayochuruzika fiksa, katikati ya zile zilizokwisha kukaa dakika 15. Zile za kwanza zimerudishwa mwanzo, na saa yake ianze kuhesabiwa upya. Kama tangi lina nafasi, filamu mpya ziingizwe upande maji yanakotokea, kisha zisogezwe hatua kwa hatua kuelekea yanakoingilia.

Bomba likikauka, jambo ambalo hutokea hata penye mvua, ndoo zinatosha. Mabadiliko sita ya maji, kila moja dakika tano, huku fremu zikitikiswa, hufanya kazi nzuri kuliko bomba linalodondoka kwa nusu saa. Vibanio vya fremu navyo vioshwe. Fiksa iliyojificha kwenye kibanio hushuka juu ya filamu ya mgonjwa anayefuata kabla haijaingia kwenye divelopa, ikaacha michirizi myeupe ambayo hakuna atakayejua imetoka wapi.

Ubaridi ni jambo la pili la nyanda hizi. Divelopa hutakiwa kuwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na mafundi wengi huipima kwa makini. Lakini ni wachache wanaokipeleka kipimajoto kwenye tangi la maji. Asubuhi za Juni na Julai maji ya Rungwe huuma vidole. Katika baridi jelatini hujikaza na dawa hutoka kwa uvivu, hivyo muda wa kuosha hauna budi kurefushwa. Wapo wanaochanganya maji ya moto ili kuharakisha. Inakubalika, mradi joto la maji lisipishane na lile la fiksa kwa zaidi ya nyuzi tano hivi, na lisipite nyuzi 25. Jelatini inayotolewa kwenye baridi na kutumbukizwa ghafla kwenye joto hukunjamana ikawa na mikunjo midogo kama ngozi ya mzee, na joto likizidi hulainika hata ikachubuka kwa kuguswa tu.

Fundi atajuaje kwamba amemaliza? Saa peke yake haitoshi, maana maji ya Januari si maji ya Julai. Jibu limo kwenye kabati la dawa la takriban kila kituo: pamanganeti ya potasiamu, ileile inayotumika kuogeshea vidonda na magonjwa ya ngozi. Tengeneza maji yake ya zambarau hafifu. Chukua glasi mbili za kipimo kimoja. Katika moja weka maji safi ya bomba, katika ya pili kinga maji yanayochuruzika kutoka kwenye filamu iliyotoka kuoshwa. Tia matone sawa ya pamanganeti katika zote mbili, subiri dakika moja, ulinganishe. Glasi ya filamu ikipoteza zambarau au kugeuka njano mapema kuliko ile ya bomba, thaiosalfeti bado ingalimo, na filamu irudi majini. Glasi ya kulinganishia isiachwe kamwe, kwa kuwa maji yenye majani yaliyooza au tope nayo hufifisha pamanganeti, na wakati wa masika maji yetu huwa nayo. Maabara yenye naitreti ya fedha yaweza kufanya jaribio kali zaidi: tone moja kwenye pembe ya filamu isiyo na picha, dakika mbili au tatu, na doa la kahawia likitokea litasema yaliyobaki. Naitreti huchafua vidole kwa siku nyingi, hivyo mipira ya mikono ivaliwe.

Kuhusu tope: mvua kubwa ikinyesha milimani, maji ya vijito hushuka na udongo, na chembe za udongo zikigusa jelatini laini hunasa humo moja kwa moja. Maji ya namna hiyo yaachwe yatuame usiku mmoja kwenye pipa lenye mfuniko, kisha yachujwe kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Kwa suuza ya mwisho kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuliosha bati hilo, ni hazina ambayo hospitali za nchi kavu hununua kwa jina la maji yaliyotoneshwa. Hayana chokaa wala chumvi za kubaki kama unga mweupe filamu inapokauka. Katika suuza hiyo hutiwa dawa kidogo ya kulainisha maji ili yateleze bila kushika matone. Isipokuwepo, tone moja au mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na rangi kali, kwa lita tano yanatosha. Zaidi ya hapo filamu itakauka na utando wa sabuni, na povu litaacha alama zake.

Sasa tumefika penye ugumu halisi. Tone lililobaki juu ya filamu huchelewa kukauka kuliko sehemu inayolizunguka. Jelatini iliyo kavu pembeni hujivuta, ile iliyo chini ya tone ingali imevimba, na mvutano huo huhamisha chembe za fedha. Alama yake ni duara lenye ukingo mweusi zaidi na kati pamefifia. Katika picha ya kifua, duara la namna hiyo likiangukia penye pafu hufanana sana na tundu la kifua kikuu lenye ukuta mwembamba. Likiwa dogo hudhaniwa kuwa kinundu. Mpiga picha za kawaida huweza kupangusa upande wa nyuma wa filamu yake, kwa kuwa picha iko upande mmoja. Filamu nyingi za eksirei zimepakwa jelatini pande zote mbili, hivyo hakuna upande wa kupangusa. Kinga pekee ni kuiacha ichuruzike vyema kwa pembe moja kwa dakika kadhaa kabla ya kuingizwa mahali pa kukaushia, na kutoitundika chini ya nyingine inayodondosha.

Kwa daktari anayesoma picha, upo mtihani mwepesi wa kutofautisha tone na ugonjwa. Itoe filamu kwenye kisanduku cha mwanga, iinamishe dirishani hadi mwanga uteleze juu ya uso wake. Tone, kidole na mkwaruzo huonekana kama tofauti ya mng'ao juu ya uso. Kivuli cha pafu hakionekani hivyo. Nimejizoeza kufanya hivi kwa kila duara lililo kamili mno, kwa sababu ugonjwa kwa kawaida hauchori kwa bikari.

Kukausha penye unyevu ni suala la hewa inayotembea kuliko suala la joto. Viwanda vya chai vya Rungwe vinalijua hili: jani bichi hunyaushwa kwa kupuliziwa hewa kutoka chini ya kichanja, na moto mkali huja baadaye. Filamu yataka hatua ya kwanza tu. Kabati la mbao lenye matundu chini na juu, matundu ya chini yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi, na feni ndogo isiyoelekezwa moja kwa moja kwenye filamu, hukausha vizuri. Balbu ya kizamani yenye kutoa joto yaweza kuwekwa ubavuni, kamwe si chini ya filamu, kwa kuwa tone likidondokea balbu ya moto huipasua, na maji na umeme havipatani. Joto lisizidi nyuzi 35. Filamu zisigusane hata kwa ncha. Zikigusana zikiwa mbichi zitakauka zikiwa zimegandana. Tena zisitolewe katikati ya kukauka ili kutazamwa, zikaingizwa upya, kwa maana mstari wa kituo utabaki.

Jambo moja silisemi kwa upole. Katika baridi ya nyanda za juu upo mtindo wa kuingiza jiko la mkaa ndani ya chumba na kufunga mlango, na wapo wanaofanya hivyo ili filamu zikauke. Majivu yatanata kwenye jelatini, hilo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Chumba cha giza kimejengwa ili hata mwanga usipenye, kwa hiyo hewa nayo hupenya kwa shida. Fundi ataanza kuumwa kichwa na kusikia usingizi, akidhani ni uchovu wa zamu, na huenda asiamke. Heri filamu ikauke kesho.

Daktari akihitaji picha kwa dharura, aisome ikiwa mbichi mara ukungu unapotoka na baada ya suuza fupi, halafu filamu irudishwe kwenye fiksa na maji ikamilishe safari yake. Kosa hutokea pale filamu hiyo inapotiwa bahasha na kuondoka na mgonjwa.

Vijana wanaojifunza upigaji picha wa filamu nyumbani hufanya kazi ileile kwa kiasi kidogo. Si ajabu: Wilhelm Röntgen alipopiga picha ya mkono wa mkewe mwaka 1895, aliipata kwenye bamba la kawaida la wapiga picha. Kwa filamu ya kuzungusha iliyo ndani ya tangi dogo, kampuni ya Ilford imekuwa ikipendekeza njia isiyopoteza maji: jaza tangi, ligeuze mara tano, mwaga, jaza tena, ligeuze mara kumi, mwaga, jaza mara ya tatu, ligeuze mara ishirini. Njia hiyo yafaa pale fiksa isipokuwa na dawa ya kugandisha jelatini. Filamu itundikwe kwa kibanio juu na kingine chenye uzito chini, katika chumba ambamo hakupikwi wala hakufagiliwi. Jikoni pasahauliwe kabisa: moshi na mafuta hukaa juu ya filamu mbichi, na dawa za filamu hazina nafasi karibu na chakula. Kila mwaka hospitali hupokea watoto waliokunywa kitu kutoka kwenye chupa ya soda kisichokuwa soda. Divelopa na fiksa zisitiwe humo. Mwenye pumu afungue dirisha, kwa kuwa fiksa yenye asidi hutoa hewa ya dioksidi ya salfa inayobana kifua. Anayeona mikono ikiwasha na kupasuka baada ya kushika divelopa aache kuishika bila mipira. Mzio huo ukishaanza hauondoki kirahisi. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake, sumu kwa viumbe wa majini. Kawetele imezungukwa na chemchemi na vijito, na kinachomwagwa juu hufika kwa anayechota chini. Itunzwe kwenye dumu lenye lebo, ipelekwe kwenye hospitali inayokusanya ya kwake.

Kwa mgonjwa, maneno machache. Bahasha yako ikae ndani ya mfuko wa nailoni wakati wa safari, lakini nyumbani itoe mfukoni, kwa sababu unyevu uliofungiwa huotesha kuvu, na kuvu hula jelatini. Isimamishwe wima kati ya vitabu au chini ya nguo kavu sandukuni, mbali na dari ya jiko. Ukikuta filamu mbili zimegandana, usizivute. Filamu za zamani, zilizosafishwa kwa maji, zaweza kulowekwa pamoja katika beseni la maji safi ya baridi hadi ziachane zenyewe, hata kama itachukua saa kadhaa, kisha zitundikwe. Ila hospitali nyingi sasa hutumia mashine za kidijitali zinazochapa picha kwenye filamu kavu, ambayo haikuwahi kuguswa na maji wala dawa. Hiyo usiiloweke. Adui yake ni joto: ukiiacha juu ya dashibodi ya gari juani au karibu na jiko, itaendelea kuwa nyeusi. Kama hujui yako ni ya aina gani, ilete kama ilivyo, hata ikiwa na madoa, pamoja na zile zilizogandana, na umwambie mtaalamu wa mionzi ilipigwa mwaka gani na hospitali ipi.